Brashi ya Nyuso

Mwezi uliopita nililia dukani mbele za watu, hapa Muheza, na wala sikulilia bei. Nilikwenda kununua misumari ya kukaza meza yangu ya viungo sokoni. Kijana wa duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anammiminia mteja tapentaini kwenye chupa ya maji. Ikamwagika kidogo juu ya kaunta, na ile harufu ikanikamata shingo kama mwalimu wa zamu. Machozi yakanitoka, ndoo nzima, hata kijana akashtuka. "Mama, basi, misumari chukua kwa bei ya jana." Punguzo sikulikataa. Lakini nilikuwa namlilia baba yangu, aliyekuwa na wiki tatu tu kaburini, na ambaye siku zote za uhai wake alinukia hivyo hivyo: tapentaini, sabuni ya kipande na moshi wa kuni za miwati, ile miti ya milimani kwetu.

Wenzangu wa rika langu mliokulia kule milimani Lushoto mtakumbuka mabango ya kuchorwa kwa mkono, kabla mashine hazijaja kutuchapia kila kitu. Baba alikuwa fundi wa kazi hiyo. Ukiniuliza mimi, hakuna ukuta kati ya Mombo na Mtae ambao hakuugusa. Ukimuuliza mama, atakuambia zilikuwa kuta kumi na mbili na lori moja. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto watatu na miwani, na huko nilifundishwa kwamba kila shahidi ana macho yake. Kwa hiyo chukueni hesabu yangu.

Baba alikuwa Mlutheri wa kwenye mifupa. Brashi haikugusa rangi kabla hajapiga magoti, na brashi zenyewe alizipanga mbele yake kwenye gunia, kubwa kwa ndogo, kama watoto wanaongoja chakula. Hakuchora bango la pombe wala la mganga. Mwenye baa mmoja wa Soni alimfuata mara tatu, na baba akamjibu, "Ukuta nitakupakia, bwana mkubwa, lakini chupa sichori." Akaupaka ule ukuta ukang'aa kama meno ya bibi harusi. Chupa akaja kuichora mtu mwingine, ikatoka kama mtungi wa gesi.

Nyuso nazo zilikuwa na sheria zake. Kwanza kulikuwa na brashi ya nyuso, ambayo baba hakuinunua popote. Aliitengeneza mwenyewe kwa nywele za ndani ya sikio la ndama, akazifunga kwa uzi kwenye kijiti cha mpera. Ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ungeweza kumchorea siafu kope. Haikuguswa na mtu, haikuchora majani wala herufi, ilichora nyuso tu. Pili, siku moja kabla ya kuchora uso wowote, baba hakula. Alizunguka kijiji kizima akiwaomba radhi wote aliokwaruzana nao. "Mkono wenye kinyongo huchora jicho kengeza," alisema, na alisema hivyo kwa uhakika wa mtu anayekuambia moto unaunguza.

Kijiji kilimjua. Jirani yetu Mama Yoeli, ambaye maharage yake yaliliwa na mbuzi wetu, alikuwa akisikia hodi anaita kutoka jikoni, "Karibu, Fundi! Leo unachora uso wa nani?"

"Nimekuja kuomba radhi, dada."

"Kwa mbuzi yule yule?"

"Yule yule."

"Nimekusamehe. Lakini mbuzi bado!"

Nafikiri alimsamehe kwa mbuzi mmoja mara arobaini.

Basi nilipokuwa na miaka kama kumi, kanisa letu likapauliwa upya, na ukuta wa nyuma ya madhabahu ukabaki mweupe mtupu. Wazee wa kanisa wakakaa, wakaamua baba achore hapo Mchungaji Mwema. Kikao kilikuwa kirefu kuliko Kwaresima, kwa sababu walibishana kama Yesu, akiwa Lushoto na ule ukungu, avae sweta. Mwishowe wakakubaliana ajitande shuka zito. Mkuu wa jimbo angekuja Jumapili fulani kuliweka kanisa wakfu, na kazi iwe imekwisha.

Baba alikuwa hajawahi kupewa kazi kubwa kama ile. Miezi miwili hakushika bango jingine. Mama alilima peke yake na hakunung'unika, jambo ambalo lenyewe ni muujiza. Kila nikitoka shule nilipitia kanisani, nikakuta mlima umeota ukutani. Ilikuwa milima yetu yenyewe, matuta ya kabichi, migomba bondeni, kijito, na kondoo wengi wakipanda juu. Watu walikuja kuangalia wakatambua mashamba yao. Mama Yoeli alimkuta mbuzi wetu kati ya kondoo na akapeleka malalamiko kwa wazee wa kanisa. Katikati alisimama Yesu, mrefu, shuka begani na fimbo mkononi, anatutazama. Au angetutazama, kwa sababu pale pa uso paliachwa duara jeupe kama yai. Uso ulikuwa wa mwisho, Jumamosi, kesho yake wakfu.

Na hapa ndipo kichwa changu kilipoharibika.

Nilikuwa katika mafundisho ya watoto, na amri kumi za katekisimu nilizijua kama jina langu. Ningeweza kukuambia amri ya saba nikiwa usingizini. Lakini Jumatano ya wiki ile nilikuwa najiandaa kwa mashindano ya kusoma, nikapewa Biblia kubwa, kitabu cha Kutoka. Nikafika kwenye ile sura ya amri. Nikasoma ya kwanza, sawa. Mara nikakutana na maneno ambayo katika katekisimu yetu hayakuwamo kabisa! Yanakataza mtu kujitengenezea sanamu, au mfano wa kitu chochote cha mbinguni, cha duniani, hata cha majini. Na mkosaji hadaiwi peke yake, la, wanaandamwa watoto wake mpaka kizazi cha tatu na cha nne.

Nilifunga kitabu. Nikakifungua tena, bado yalikuwapo. Nikahesabu kwa vidole. Baba ndiye mchoraji. Mtoto wake ni nani? Mimi, na sikuwa na ndugu wa kugawana naye.

Nilimkimbilia mama, akiwa anachambua mboga ya mchunga mlangoni. "Mama, hivi kuchora Yesu ni dhambi?"

"Kamuulize baba yako."

"Si yeye ndiye anayechora?"

"Basi kamuulize mwinjilisti. Na ukipita mtoni njoo na maji."

Mwinjilisti Titus alikuwa mtu mwema sana, na majibu yake yalikuwa marefu sana. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza. Akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Raheli, mwanangu, amri ile ipo na haipo. Ipo ndani ya ile ya kwanza. Kwa hiyo hatuiandiki, lakini tunaishika. Isipokuwa kwamba picha si sanamu. Ingawa sanamu pia ni aina ya picha. Jambo la maana ni moyo. Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu," nikasema, kwa kuwa nililelewa vizuri. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko kuku aliyehamishwa banda.

Usiku ule na uliofuata nilifikiri mpaka nywele ziliuma. Kondoo walikwisha kuchorwa, na kondoo ni vitu vya duniani, lakini niliona Mungu angeweza kuwapuuza. Hakuna anayempigia magoti kondoo wa mzee wa kanisa. Tatizo lilikuwa uso. Bila uso, yule pale ukutani ni shuka na fimbo tu. Shuka halina hatia. Na uso haukuchorwa bila brashi ya nyuso. Mnaona hesabu ilivyokaa? Hata leo siwezi kuikosoa sana.

Ijumaa alfajiri, baba alipokwenda kuoga, niliitoa brashi kwenye kitambaa chake, nikapanda ngazi ya jikoni mpaka darini kwenye mahindi, nikaichomeka katikati ya magunzi. Moyo ulipiga ngoma, lakini ilikuwa ngoma ya ushujaa. Nilikuwa namwokoa baba. Nilikuwa naokoa vizazi vinne!

Baba alipopanga brashi zake kwenye gunia ili aombe, akakuta pengo. Akatafuta. Sijawahi kuona mtu anatafuta kimya vile. Alikung'uta kitanda, akainua kinu, akapekua mpaka kwenye banda la mbuzi. Akaniuliza, "Mama, hujaiona brashi yangu?" Baba aliniita mama, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Sijaiona, baba."

Ndio uongo wangu wa kwanza mkubwa. Mdogo mdogo siuhesabu.

Akapiga magoti muda mrefu mbele ya lile pengo. Kisha akainuka, hajala kitu, akaenda kuzunguka kijiji kuomba radhi kama desturi yake. Alirudi jua likielekea kuzama, na ukungu umeingia mpaka ndani ya sufuria. Nikamsikia mlangoni akiongea na mama kwa Kishambaa, polepole. Halafu akaja jikoni nilipokuwa nachochea makande, akachuchumaa mbele yangu bado amevaa viatu.

"Raheli, mwanangu. Nimezunguka kwa watu wote. Umebaki wewe. Kuna mahali nimekukosea?"

Nilishangaa. Alikuwa hajawahi kuniomba radhi mimi, mtoto. Nikadhani kazi ilivyo kubwa, mzunguko nao umekuwa mkubwa, umefika mpaka kwa watoto, labda kesho ni zamu ya mbuzi.

"Hujanikosea, baba."

"Una neno lolote la kuniambia?"

Makande yakatokota. Nilitazama juu darini, nikatazama chini upesi. "Sina, baba."

Kisha akanishika kichwa, kwa mkono wenye rangi kwenye kucha, akasema, "Haya, mama. Mungu akubariki." Akaondoka. Nililala nikijiona malaika na mwizi kwa pamoja, na hao wawili hawakupatana usiku kucha.

Jumamosi baba alijifungia kanisani peke yake kutwa nzima. Hakuruhusu mtu.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye maua nje. Shuka kubwa lilikuwa limefunika ukuta. Mkuu wa jimbo akaomba, kwaya ikaimba mpaka vioo vikatetemeka, wazee wawili wakavuta shuka. Na kanisa zima likanyamaza. Nasema likanyamaza, ungesikia kabichi zikikua.

Yesu alikuwa ametugeuzia mgongo.

Baba alikuwa amekifunika kifua na lile duara jeupe kwa rangi, akachora upya. Sasa Mchungaji alikuwa anapanda mlima kuondoka kwetu, shuka limefunika mabega, nywele kisogoni, na kichwa amekiinamisha upande kidogo, kiasi kwamba sikio moja tu lilijitokeza. Kondoo wote walikuwa nyuma yake. Mbele, kule juu kwenye miamba, ukungu mtupu.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mama Yoeli, na alidhani ananong'ona. "Mimi nimebeba boga la sadaka kutoka mtoni mpaka hapa, halafu Bwana ananipa kisogo?"

Minong'ono ikapanda. Mzee mmoja akasema huu ni msiba. Mwinjilisti Titus alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Ndipo mkuu wa jimbo, kwa upole, akamwomba Fundi asimame aeleze. Baba akasimama amevaa koti lake la Krismasi. Sauti yake haikuwa ya mtu anayejitetea.

"Baba Mchungaji, mimi nimechunga. Kondoo anayemfuata mchungaji haoni uso, anaona mgongo. Anayeuona uso ni yule aliyepotea, siku anapofuatwa."

Akaketi. Mkuu wa jimbo akaugeukia ukuta, akasema, "Amina." Na akishasema mkuu wa jimbo, nani mwingine? Ibada ikaendelea. Kwenye mnada wa sadaka nje, Mama Yoeli alilinunua boga lake mwenyewe kwa hasira.

Na mimi? Nilitakiwa kufurahi. Uso haukuchorwa, vizazi vimepona. Lakini nilikaa kwenye benchi nikihesabu upya, maana kwa maelezo ya baba, katika kanisa lile zima, mtu pekee aliyestahili kuuona uso nilikuwa mimi. Sasa je, nimeshinda au nimepotea? Nimemzuia baba kutenda dhambi, au nimemwibia Mungu picha yake? Na kama Mungu hakutaka uso, kwa nini anitume mimi bila kuniambia? Na kama aliutaka, kwa nini alisema amina kwa kinywa cha mkuu wa jimbo? Nilipopanda darini Jumatatu kuichukua brashi nikairudishe kimyakimya, haikuwapo. Nikasema panya. Au malaika. Kwa hali yangu ya wakati ule sikuona tofauti kubwa.

Tangu siku ile baba hakuchora uso tena. Hata mmoja! Bango la shule, watoto wanakwenda darasani wametugeuzia migongo. Picha ya harusi ya mtoto wa diwani, maharusi wanaondoka. Bango la kinyozi, visogo vitatu, na huyo kinyozi alitajirika kuliko wenzake wote wa wilaya, kwa sababu mteja alionyesha tu kwa kidole, "Nikate hiki." Watu wakamwita Fundi Kisogo. Walikuja wageni na kamera kubwa, wakatikisa vichwa, wakasema huyu mzee ana fikra nzito. Mimi nilisimama pembeni na siri yangu, nikawaza, fikra gani, huyu mzee kaibiwa brashi.

Nikakua, nikaolewa huku chini Muheza. Kila Krismasi nilipanda na kilo mbili za iliki na ungamo langu. Iliki niliitoa. Ungamo nilirudi nalo. Nilikuwa nikifungua mdomo tu, baba anauliza, "Enhe, mama, kuna neno?" na mimi nasema, "Hakuna, baba, nauliza kama chumvi imekolea."

Basi baada ya kulia dukani, Jumamosi iliyofuata nikapanda nyumbani. Nilimkuta mama kitandani kwake amezungukwa na nguo za marehemu, anazipanga za kugawa. Akanipa Biblia ya baba. "Hii yako. Alisema iwe yako. Angalia isidondoshe kitu."

Nikaifungua palipovimba, kwenye kitabu cha Hesabu. Ilikuwa pale, imefungwa kwenye kitambaa. Kijiti cha mpera, nywele za sikio la ndama. Safi, laini kama jana.

Nilikaa chini bila kuangalia kama pana kiti. Hapakuwa na kiti.

"Mama, hii aliipata wapi?"

"Si nilimpa mimi? Niliikuta kwenye mahindi nilipopanda kuchukua ya makande."

"Lini?"

"Ijumaa ile ile, kabla ya wakfu. Alipoingia tu mlangoni nikampa, hata viatu hajavua. Nikamwambia, huyu mtoto wako nimchape? Akasema niache kwanza, akakuulize."

Nikayasikia yale makande yakitokota upya. Una neno lolote la kuniambia?

"Sasa kwa nini hakuchora uso? Brashi si alikuwa nayo?"

Mama akakunja suruali, akaipapasa. "Nilimuuliza hivyo hivyo. Siku ile alisema nabii Balaamu alizuiwa njiani na punda, na punda ndiye aliyekuwa anamwona malaika. Akasema, 'Labda mtoto kaona kitu.'"

"Kwa hiyo mimi ni punda?"

"Wewe ulitaka uwe malaika?"

Tulicheka, mama na mimi, tukacheka mpaka majirani wakaja kuangalia kama msiba umerudi. Alipojifuta macho akaongeza, taratibu, "Lakini mwaka jana alipoanza kuumwa nilimuuliza tena. Nikamwambia, sasa chora hata uso mmoja, wangu, nibaki nao. Akasema hawezi. Bado kuna mtu mmoja hajamaliza naye mzunguko."

Sasa niambieni lipi ni lipi. Alinitii kama punda wa Mungu, au alinisubiri kama mtoto wake? Nimesoma masomo ya jioni miaka minne na hili halimo kwenye mtihani wowote. Yawezekana miaka yote ile ya visogo ilikuwa imani. Yawezekana ilikuwa subira tu, na mimi nilikuwa naipitisha kwa kuulizia chumvi.

Niliichukua brashi nikaenda nayo kanisani. Mama Yoeli, sasa mzee kweli, alikuwa anafagia. Nikampa shikamoo yake, nikapita mpaka nyuma ya madhabahu, karibu kuliko nilivyowahi kufika. Ukuta umepata nyufa, kabichi zimepauka. Nikainua macho kwenye lile sikio moja. Na nikaona kile ambacho kutoka mabenchini hakionekani. Lilikuwa na mikunjo yake yote, na ukingoni vinyweleo vidogo, kimoja kimoja, vyembamba kama kope za siafu. Brashi kubwa haiwezi kazi ile. Baba aliichukua brashi ya nyuso Jumamosi ile, na sehemu yote ya uso aliyoichora nayo ni sikio. Limegeuziwa huku nyuma, tuliko.

Nikapanda juu ya ngazi ya madhabahu, Mungu anisamehe, nikanyoosha shingo.

"Baba," nikasema, "ni mimi niliyeificha. Nilikuwa naogopa."

Ufagio ukasimama. "Raheli! Unaongea na nani huko?"

"Na sikio, Mama Yoeli."

Akaendelea kufagia. "Ukimaliza, mwambie na la mbuzi."